Nyepesi au Nzito: Migomba Niliyompangia Birindwa

Mimi ni mtu wa wivu, na ni afadhali niwaambie mapema kabla hamjaniamini sana. Juzi mlikuja nyumbani kwangu hapa Ibanda, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kulinda mashamba ya chai dhidi ya wanyama waharibifu, mkaniuliza risasi ipi ni bora kwa kuwinda, nyepesi yenye mbio au nzito ya polepole. Sijafungua mdomo, mmoja wenu akasema, "Papa Birindwa wa Nyawera alishatuambia, lakini tukaona tupite na kwako." Mpite na kwangu! Nimewinda miaka zaidi ya thelathini, bega langu la kulia limeshuka kwa mateke ya bunduki, halafu mimi ndiye mlango wa pili. Niliwaitia chai.

Tena mna darubini juu ya bunduki zenu, na kile kidude cha kusoma umbali ambacho mlinionyesha mkicheka. Nakionea wivu kidude hicho, sitaficha. Sisi umbali tuliupima kwa macho na kwa kiwanja cha mpira cha parokia. Ukiona mnyama ng'ambo ya bonde unajiuliza, hadi pale ni viwanja vingapi? Kimoja, unapiga. Viwili, unafikiri kwanza. Vitatu, unarudi nyumbani na unasema hukuona kitu.

Haya, swali lenu. Risasi ni ganda la shaba, baruti ndani yake, na kichwa mbele. Kichwa ndicho kinachokwenda. Baruti inayoingia kwenye ganda ina kipimo chake, kwa hiyo ukiweka kichwa chepesi kitatoka mbio, ukiweka kizito kitatoka taratibu. Anayetaka uzito na mbio kwa pamoja anunue bunduki kubwa zaidi, na ajiandae kulala upande mmoja wiki nzima. Bunduki zetu zilikuwa za kipimo cha 7x64, na bohari ya shamba ilikuwa na pakiti za namna mbili: kichwa cha gramu tisa na kichwa cha gramu kumi na moja na kidogo. Tofauti ya gramu mbili tu, na kwa hizo gramu mbili mimi nimekosa usingizi mwema tangu nikiwa na nywele nyeusi.

Kichwa chepesi kinakwenda kama kamba iliyonyooshwa. Kikivuka bonde kinashuka kidogo tu, kwa hiyo ukikosea umbali kwa nusu kiwanja bado unampata mnyama. Ubaya wake uko karibu. Ukimpiga mnyama kwa hatua ishirini kingali na mbio zake zote, kikikuta mfupa kinapasuka vipande na nyama inageuka damu tupu. Mwaka wangu wa tatu nilimpiga paa namna hiyo, nikaingia kambini kifua mbele. Maman Nabintu, mpishi wetu, alimgeuza yule paa mara mbili kwa ncha ya kisu.

"Cishugi, hii ulituletea nyama ao mchuzi?"

Kambi nzima ilicheka, na Birindwa alicheka kuliko wote. Hiyo pia niliiweka akiba moyoni.

Kichwa kizito hakina haraka. Kinashuka mapema, na ukivuka bonde nacho lazima ujue kitashuka kiasi gani. Lakini karibu, kwenye bega nene la nguruwe-pori au nyati, kinabaki kizima, kinavunja mfupa na kuendelea ndani. Msidanganywe na wanaosema kizito kinapita kwenye matete bila kupinda. Vyote vinapinda. Anayepiga ndani ya matete anabahatisha, na mnyama aliyejeruhiwa kwa kubahatisha atakutafuta wewe, hatamtafuta aliyekuuzia risasi.

Na hili liandikeni kwenye mkono. Ukibadilisha uzito wa kichwa, bunduki yako si ile tena. Rudi kwenye shabaha, piga tatu, sogeza alama za kulengea, piga tatu nyingine. Bunduki iliyopangwa kwa nyepesi, ukiitia nzito, itapiga chini. Kwa kiwanja kimoja hutaona sana. Kwa viwanja viwili na nusu ni upana wa kiganja na zaidi, na upana wa kiganja ndio unaotenganisha mapafu na mguu.

Aliyetufundisha haya ni Mzee Mushagalusa, kiongozi wa wawindaji wa shamba la chai, hilohilo lenu. Alikuwa mfupi, mkali, na kofia yake ya sufi hakuivua hata kanisani mpaka padri alipomtazama. Alininusuru na upumbavu mwingi. Kuna mvua moja risasi zangu zililowa, nami nikaziweka kwenye kikapu kilichoning'inia juu ya moto wa jikoni, pale mke wangu anapokaushia samaki wadogo. Siku tatu nikawa nazigeuza kama anavyogeuza yeye. Mzee alipokuja kunitembelea akanusa, akainua macho, akatoka nje mbio kwa miguu yake mifupi.

"Unataka kuua bibi yako? Cartouche inafutwa na kitambaa, inawekwa kwa kivuli! Haiko ndagala!"

Nilimpenda mzee yule. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na nilikuwa nimeamua kimoyomoyo kwamba huyu ndiye. Shida ni kwamba mzee naye alikuwa ameamua, na hakunichagua mimi.

Birindwa alikuja kazini miaka miwili baada yangu akitokea Luhwindja, mtoto wa mchimba dhahabu, mrefu, mwenye mikono isiyotikisika. Alikuwa na kijitabu cha Kifaransa chenye jedwali za risasi, mbio zake na kushuka kwake, na alikisoma wakati wa mapumziko kama wengine wanavyosoma misale kanisani. Mzee hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa. Jioni kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikifika, kikombe cha kwanza ni cha mzee, cha pili cha Birindwa. Mimi niliyetangulia kwa miaka miwili nilipata cha tatu, na cha tatu kina machicha. Yeye aliitwa "mwanangu". Mimi niliitwa Cishugi, jina langu, kama kwenye orodha ya kazi. Nilikuwa nikihesabu. Kwa wiki moja nilihesabu "mwanangu" kumi na nne.

Sasa mzee akaanza kusema magoti yamechoka. Mkurugenzi wa shamba alimwambia ataje jina la atakayeshika nafasi yake, naye atalikubali. Kila mtu kambini alijua jina gani litatajwa, hata Maman Nabintu alianza kumpakulia Birindwa nyama ya kiunoni. Nilikuwa na mke na watoto wawili, lakini sitasingizia watoto. Nilitaka mzee aseme jina langu kwa mdomo wake mbele ya watu. Hicho tu ndicho nilichotaka.

Msimu ule nguruwe-pori walikuwa wanamaliza mihogo ya wafanyakazi. Walikuwa na akili. Asubuhi walitoka kwenye matete ya bondeni wakapanda mteremko wa ng'ambo, wakala mihogo huko peupe, na ukiwafuata karibu wanarudi mateteni kabla hujafika. Birindwa alisema tusiwafuate. Tukae upande wetu, tuwapige ng'ambo kwa kichwa chepesi, viwanja viwili na nusu, kitabu kinasema itafika. Mimi nikasema tutumie nzito, tuwasubiri mdomoni mwa matete. Nilisema hivyo kwa sababu yeye alisema vile. Angesema nzito, mimi ningesema nyepesi.

Mzee akasema tutauliza migomba. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yake. Alikuwa akipanga vigogo vya migomba mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, anapiga, kisha anahesabu risasi imepita vigogo vingapi. Kwa kila aina ya risasi alipanga mstari wake mpya, kwa sababu kigogo kikishapigwa kimeharibika. Sheria ilikuwa hivi: tofauti ikiwa kigogo kimoja, kila mwindaji achague apendavyo. Ikizidi hapo, wote tunafuata iliyoshinda.

"Mugomba haiko na rafiki," alikuwa akisema. "Haijuwe uongo."

Shamba la migomba la mke wangu lilikuwa jirani, kwa hiyo kukata vigogo ilikuwa kazi yangu. Siku ile nilitoka na panga mapema. Kwa mstari wa nyepesi nilikata migomba minene ya pombe, mibichi, iliyojaa maji hadi inachuruzika mkononi. Kwa mstari wa nzito nilichukua ile iliyokwisha kuzaa na kulala chini majuma mengi, mikavu, ndani ina matundu. Nikaimenya maganda ya nje yaliyooza, nikaivika maganda mabichi na kuyafunga kwa kamba za mgomba wenyewe. Mke wangu alipita na ndoo akauliza ninavalisha maiti au nini. Nilimwambia ni mambo ya kazi.

Mtu wa mjini angegundua nini? Lakini mzee alikuwa mkulima, angegusa tu angejua. Hakugusa. Aliniamini, na hilo hadi leo linaniuma pahali pabaya.

Nyepesi ilifia kwenye kigogo cha tatu. Nzito ilipita saba ikaingia kwenye udongo. Watu walipiga mluzi. Birindwa alikwenda akachuchumaa mbele ya mstari wake, akatia kidole kwenye tundu, akatoa vipande vya risasi. Alikuwa anatikisa kichwa. Nilisimama nyuma yake, na ninawaambia ukweli, nilifurahi. Nilijisikia mwepesi mwili mzima.

"Munaona?" mzee akasema. "Kesho, wote nzito."

"Muzee," Birindwa akasema, "bunduki yangu nilishaipanga na hii nyepesi. Nikibadilisha, balle itaanguka chini. Na niko na cartouche tano tu za mwezi huu, siwezi zimaliza ku shabaha."

"Utalenga juu kidogo. Weye na kitabu yako! Mugomba imesema."

"Sawa, muzee."

Bunduki yangu ilikuwa imepangwa kwa nzito tangu mwanzo. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema tu, mzee, mpe siku mbili aipange. Sikusema.

Asubuhi ukungu ulipoinuka, nguruwe walikuwa ng'ambo, saba, dume kubwa likiwa mbele likichimbua mihogo. Mzee alimpa Birindwa nafasi ya kupiga wa kwanza, kama kawaida. Alilala chini, akavuta pumzi, akalenga juu kidogo, akapiga. Niliona dume limekunja mguu wa mbele, likabiringika, likainuka kwa miguu mitatu, likashuka mateteni likipiga kelele. Kichwa cha risasi kilishuka, kikavunja mguu badala ya kuingia kifuani.

Kwetu aliyejeruhi ndiye anayeingia wa kwanza kumalizia. Hakuna aliyelazimisha sheria hiyo, lakini hakuna aliyewahi kuikataa. Birindwa aliingia mateteni. Mimi nilimfuata hatua kumi nyuma. Dume lilitoka ubavuni, si mbele, likampasua paja kutoka gotini kwenda juu kabla hajageuza mtutu. Nililipiga begani, hatua chache tu, kwa nzito, likaanguka papo hapo juu ya miguu ya Birindwa.

Tulimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, na gari la shamba likamleta hospitali mjini. Alikuwa na fahamu. Njia nzima alikuwa akiangalia mkono wake wa kulia. Mzee alikaa kando yake, na kwa mara ya kwanza hakusema "mwanangu".

"Birindwa, uliharakisha kidole. Uliivuta kwa nguvu. Niliona."

"Pengine, muzee," akajibu.

Mzee hakuona kitu. Alitafuta sababu, na sababu ya kweli ilikuwa imevikwa maganda mabichi.

Jina langu lilitajwa mwezi uliofuata, mbele ya watu wote, kwa mdomo wake. Kikombe cha pili kikawa changu. Na tangu siku ile hadi alipokufa, kila mwindaji mpya aliyekuja mzee alimkalisha akamfundisha kufyatua polepole, na somo hilo akaliita kidole cha Birindwa. Nami nilipokuwa kiongozi nililirudia somo kwa jina lilelile. Ninyi pia mmelipata hukohuko, kwa sababu mlilitaja hapa kwangu mkicheka, na hamkujua kwamba Papa Birindwa mchechemeaji wa Nyawera, anayewauzia majembe na kuwapa ushauri wa bure, ndiye mwenye kidole. Mlidhani ni majina mawili yanayofanana.

Kuna jambo moja zaidi. Majuma machache baada ya ajali nilikwenda peke yangu, nikakata migomba ya umri mmoja, mibichi yote, nikapanga mistari miwili. Nyepesi ilipita mitano. Nzito ilipita sita. Kigogo kimoja. Kila mwindaji angechagua apendavyo. Nilivikatakata vile vigogo nikawapa mbuzi.

Mlipoondoka hapa juzi sikuweza kukaa. Nilipanda moto, yaani pikipiki, hadi Nyawera. Birindwa alikuwa kwenye kibanda chake kando ya soko, amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa, watu watatu wanamzunguka wanacheka kitu alichosema. Hata pale nilimwonea wivu. Mimi kwangu watu wanakuja kwa swali, wakipata jibu wanaondoka. Nikangoja wanunuzi waishe.

"Cishugi! Ingia, ikala. Ni nini, uko mugonjwa?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia migomba mibichi, mikavu, maganda niliyofunga, na mitano kwa sita. Nilipomaliza alikuwa ameshika jembe lisilo na mpini, na aliliweka chini polepole.

"Donc ku ngambo ya bonde, nyepesi ingefika?"

"Ingefika. Weye njo ulikuwa na haki."

"Na kidole?"

"Kidole haikufanya kitu. Bunduki ilipiga chini sababu ya nzito."

Aliinua mkono wake wa kulia akautazama, upande huu, upande ule. Nilijiandaa kupigwa. Badala yake aligeuka akaita nyuma ya kibanda kwa sauti ambayo soko zima lilisikia.

"Maman Furaha! Kuya! Kuya usikie! Haikukuwa kidole!"

Mke wake alitoka na mikono yenye unga. Birindwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anamwonyesha kidole kama mtoto aliyetolewa mwiba. Ndipo nilipojua kwa nini hakurudi kazini paja lilipopona. Wote tulidhani ni mguu. Kumbe mguu ungeweza. Aliacha bunduki kwa sababu alikuwa haamini tena mkono wake mwenyewe, na kijitabu chake alikiuza kama karatasi ya kufungia karanga. Nilimtazama akifurahi hivyo na, Mungu anisamehe, niliionea wivu furaha ile, kwa kuwa mimi sijawahi kupata ya namna hiyo, hata siku jina langu lilipotajwa.

Kisha akajifuta uso.

"Muguu nilishaizoea," akasema. "Nafasi ya kazi, ulikula, ni sawa. Lakini muzee alikufa akijua nilitetemeka. Aliniita mwanangu, na alikufa akijua vile. Ile utairudisha namna gani?"

Nililiokota lile jembe nikalisimamisha ukutani.

"Tutasema nini tena? Weye ulisoma kwa bapadri, unajuwa kuandika. Andika yote. Andika jina yangu na jina yako. Peleka kwa bale batoto bote ba shamba, basome. Mpaka pale usikanyage hapa."

Kwa hiyo someni, na mnaobaki shambani wasomeeni wengine. Mbele ya mihogo ile, kwa viwanja viwili na nusu, kwa bunduki ile jinsi ilivyokuwa imepangwa, kichwa chepesi ndicho kilichofaa. Birindwa ndiye aliyejua, mimi ndiye niliyedanganya, na kidole chake hakikutikisika.